Majani ya parsele: kuyatunza bila sumu, bila moto na bila kumutupia jirani maji

Katika muji wa Bukavu, na katika miji mingine ya mashariki yenye kujengwa juu ya milima, majani ya mbele ya nyumba yako na kazi mbili. Ya kwanza kila mutu anaiona: yanapendeza macho, watoto wanacheza juu yake, na wageni wakikuja wanawekewa viti hapo. Ya pili haionekane mupaka siku mvua kubwa inanyesha. Siku ile, majani ndiyo yanashika udongo wa parsele na kupunguza mbio ya maji yenye kushuka kwa jirani wa chini.

Watu wengi hawapatie majani nafasi ya kufanya hiyo kazi ya pili. Kuko wenye wanakwangula parsele yote kwa jembe mupaka udongo unabakia wazi, kwa sababu kwao parsele yenye majani ni parsele chafu. Wengine wanamwanga sumu ili majani yasiote tena. Wengine wanaweka simenti fasi yote, kutoka mulango mupaka kwenye ukuta. Na kuko wenye wanapenda gazoni nzuri kama zile za nyumba za wakati wa Wabelgiji pembeni ya ziwa, kule Nguba na Labotte, lakini wanaitunza kwa namna yenye inaikausha. Hii habari inaeleza namna ya kuwa na majani yenye nguvu kwa franga kidogo, bila kuharibu udongo, maji, wala amani na majirani.

Hesabu ya maji: bido ngapi kwa mvua moja?

Mvua inapimwa kwa milimetre. Milimetre 1 ya mvua juu ya metre kare 1 ni sawa na litre 1 ya maji. Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Tuseme parsele iko na metre 10 kwa 15, ni kusema metre kare 150. Mvua ya mangaribi moja ikileta milimetre 40, parsele ile inapokea litre 6.000. Ni bido 300 za litre 20. Kama paa ya nyumba iko na metre kare 60, bido 120 kati ya zile zinaanguka juu ya mabati na kutoka pamoja pembeni ya nyumba.

Hakuna mutu mwenye akili anaweza kubeba bido 300 na kuzimwanga mbele ya mulango wa jirani. Lakini parsele yenye udongo wazi inafanya vile bila mutu kuituma. Matone ya mvua yanapiga udongo kwa nguvu na kuuvunja vipande vidogo-vidogo. Vile vipande vinaziba matundu yenye maji yangepita. Kisha dakika kidogo udongo unakuwa kama sahani: maji hayaingie tena, yanakimbia. Yakikimbia yanabeba udongo wa juu, ule wenye mboleo. Mwaka wa kwanza ni kijia kidogo, mwaka wenye kufuata ni mufereji, kisha ni shimo yenye mutoto anaweza kuanguka ndani. Wataalamu wanaita hiyo erozio. Katika Bukavu kipindi cha mvua kinaanza mwezi wa 9 na kufika mwezi wa 5. Ni kusema udongo wenye kuachwa wazi unapigwa karibu mwaka wote.

Majani yanageuza hiyo hesabu kwa njia tatu. Yanapokea matone mbele yaguse udongo, kwa hiyo matone hayapige kwa nguvu. Vishina vyake vyenye kufungamana vinakawisha maji, na maji yenye kutembea polepole yanapata wakati wa kuingia chini. Tena mizizi, pamoja na minyoo yenye kuishi kati ya mizizi, inafungua matundu katika udongo na kuushika pamoja. Haiko kusema hakuna maji yatatoka katika parsele. Yatatoka kidogo-kidogo, na hayatabeba udongo mingi.

Majani gani ya kupanda

Haina lazima kununua mbegu za gazoni zenye kutoka Ulaya. Majani mengi ya Ulaya yalizoea baridi na yanaomba maji na mboleo ya mara kwa mara. Hapa kwetu kuko majani matatu yenye yanakomaa bila kusumbua.

Ya kwanza ni pasipalumu (*Paspalum notatum*). Inatambaa polepole, inashika udongo sana, inavumilia udongo muchungu na udongo maskini, na hairefuke mbio. Njo maana inapandwa pembeni ya barabara na juu ya mitelemuko. Kwa parsele ya mulima, hii ndiyo ya kuchagua kwanza.

Ya pili ni kikuyu (*Pennisetum clandestinum*). Inapenda milima na baridi kidogo, kwa hiyo inakubali vizuri Bukavu na Butembo. Inafunika fasi wazi mbio kuliko pasipalumu. Lakini haijue mupaka: inaingia katika mashamba ya mboga, inapanda juu ya maua, na inavuka kwa jirani. Mwenye kuipanda anapashwa kuacha njia ya mawe kati yake na bustani, na kuikata kila mara.

Ya tatu ni ile yenye Wafransa wanaita chiendent (*Cynodon dactylon*). Inapenda jua, inavumilia kukanyagwa na kukauka. Inafaa fasi za joto kama Uvira na kiwanja chenye watoto wanachezea mupira. Katika kivuli inakufa. Na mulimaji yeyote anajua kwamba kuitoa katika shamba ni kazi kubwa.

Chini ya miti ya avoka na ya maembe, kwenye kivuli kikali, ni vizuri kuacha kupigana. Majani hayatakomaa pale. Inatosha kuacha majani makavu ya muti yenyewe yafunike udongo. Nayo inapokea matone ya mvua.

Kwenye mupaka wa chini wa parsele, fasi maji yanatokea, kunafaa kitu kirefu kuliko gazoni. Vetiveri ndiyo inajulikana sana kwa hiyo kazi: mizizi yake inashuka chini moja kwa moja, hata metre 3, na ile yenye kupandwa kwa erozio haisambae kwa mbegu. Inapandwa kwa mustari moja wa kukata mutelemuko, vishina vikikaribiana, santimetre 10 mupaka 15 kati yavyo. Ikishafungamana inakuwa kama kitamba cha kuchuja: maji yanapita, udongo unabakia. Mwenye kukosa vetiveri anaweza kupanda matete, yenye nayo inalisha mbuzi na sungura, lakini matete inaomba kukatwa kila mara ili isianguke juu ya njia.

Namna ya kupanda

Wakati muzuri ni wakati mvua za mwezi wa 9 zimekwisha kuzoea, haiko siku ya mvua ya kwanza. Mutu mwenye kupanda mbele sana atapanda mara mbili.

Kazi inaanzia juu ya parsele na kushuka. Usilime fasi yote mara moja. Ukifungua parsele nzima na mvua ikinyesha usiku ule, utapoteza udongo wenye ulitaka kuokoa. Chimba mistari midogo ya kukata mutelemuko, haiko ya kushuka nao. Kati ya mustari na mustari acha santimetre 20. Ndani ya mustari weka vipande vya majani vyenye mizizi, kila kimoja santimetre 15 mbali na chenye kufuata. Finya udongo kwa muguu. Kama mutelemuko ni mukali, funika kati ya mistari kwa majani makavu yenye kulazwa, mupaka mizizi ishike.

Vipande vya kupanda vinaweza kuombwa kwa jirani. Mufuko moja wa pasipalumu yenye kugawanywa vizuri unafunika fasi kubwa. Miezi 3 au 4 ya kwanza, watu wasipite pale. Tia mawe ya njia tangu mwanzo, fasi watu wanapenda kupita, kwa sababu njia yenye watu wamechagua haizuiwe kwa kelele.

Kukata: usikwangule

Makosa yenye kuonekana sana ni kukata chini kabisa ili kupumzika kwa muda murefu. Zamu au kijana mwenye kulipwa kwa kazi moja anafurahi kumaliza haraka, na mwenye nyumba anafurahi kuona fasi nyeupe. Lakini majani yanakula kupitia vipande vya kijani. Ukiondoa kijani yote, mizizi nayo inapunguka, na fasi wazi inabakia kwa magugu na kwa maji.

Kanuni ni hii: usitoe zaidi ya sehemu moja kati ya tatu za urefu kwa mara moja. Majani yakifika santimetre 9, kata yabakie 6. Upana wa vidole vine vya mukono wa mutu mukubwa unakaribia santimetre 7 au 8: ni kipimo chenye kila mutu anatembea nacho. Katika miezi ya mvua, kukata kila juma la pili au la tatu kunatosha. Katika kipindi cha jua, acha yarefuke zaidi.

Kwa parsele ya muji, kupekupe yenye kunolewa vizuri au makasi makubwa ya bustani inatosha. Mashini ya esanse inafaa fasi kubwa kama masomo, parokia ao hospitali. Katika parsele ndogo inaleta kelele, moshi na garama, na juu ya mutelemuko inaweza kuteleza na kuumiza muguu wa mwenye kuisukuma. Chombo chochote, makali yanapashwa kuwa mazuri. Kisu chenye kufa kinararua majani, na ncha zake zinakauka na kuwa manjano.

Jembe iko na kazi yake, lakini haiko ya kukata gazoni. Inafaa kung'oa gugu moja-moja kwa mizizi, kisha mutu anafunika tundu kwa kipande cha pasipalumu siku ileile.

Majani yenye kukatwa ni mali

Kama umekata kidogo, acha yale yenye kuanguka fasi ilipo. Yanakauka, yanaoza, na kurudisha chakula katika udongo. Ni mboleo ya bure.

Kama ni mengi, yapatie wanyama. Katika Kivu ya Kusini jamaa nyingi zinafuga sungura na kobaye, zenye watu wengi wanaita dende. Ni wanyama wenye kula majani, hawaombe fasi kubwa, na ni rahisi kuwahamisha kama fujo inatokea. Kobaye inahitaji majani mabichi kila siku, kwa sababu mwili wake hautengeneze vitamini C yenyewe, sawa na mwili wa mutu. Mupatie majani yenye kukaushwa kidogo kwanza, haiko yenye maji ya mvua, na hata siku moja yasiwe yenye kuoza ao yenye kumwangiwa sumu. Kisha juma moja, mavi yao yanarudi katika parsele kama mboleo. Majani ya mbele ya nyumba yamekuwa nyama ya watoto na mboga ya nyuma ya nyumba.

Mwenye hana wanyama anaweza kufanya kompo. Majani mabichi peke yake yakirundikwa yanakuwa moto, yanashikamana na kunuka. Yachanganye na vitu vikavu: majani ya ndizi, maganda ya maharagi, vipande vya katoni. Fanya tabaka kwa tabaka, weka udongo kidogo kati yake, geuza kila juma la pili. Kisha karibu miezi 3 ile lundo inakuwa udongo mweusi. Majani ya titonia, ile miti midogo yenye maua ya manjano kama ya alizeti yenye kuota pembeni ya njia, inaongeza nguvu sana kwa sababu iko na azoti mingi. Majivu ya makala nayo inafaa, kwa sababu udongo wetu mwekundu wa milima mara mingi ni muchungu na majivu inapunguza ule uchungu. Lakini kiasi: konzi moja kwa kila tabaka, haiko ndoo.

Mboleo ya duka haina lazima kwa gazoni. Ikimwangwa mbele ya mvua, sehemu kubwa inashuka na maji mupaka ziwani. Ukiiweka, unalipa ili kulisha mimea ya maji ya pembeni ya ziwa.

Moto

Kuchoma majani makavu mwezi wa 7 kunaonekana kama njia ya haraka. Kwa kweli ni kupoteza mara mbili. Chakula chenye kilikuwa katika majani kinaenda na moshi, na majivu yenye kubakia inachukuliwa na upepo ao mvua ya kwanza. Moto unaua minyoo na vidudu vyenye kufungua udongo. Tena unaacha parsele wazi kabisa wakati mvua kubwa za mwezi wa 9 zinakaribia, wakati mubaya kuliko yote.

Kuko tena jambo la sashe. Katika lundo la majani ya kuchoma mara nyingi munakuwa sashe na chupa za plastiki. Moshi wa plastiki ni sumu kwa mapafu, zaidi sana ya watoto na ya wenye asima. Tangu mwisho wa mwaka 2017 decree ya serkali inakataza kutengeneza, kuingiza na kuuzisha sashe za plastiki katika Congo, lakini kila mutu anaona zingali katika soko. Kwa hiyo tenganisha: majani fasi yake, plastiki fasi yake.

Sumu ya kuua majani

Katika soko na katika maduka ya vitu vya ulimaji kuko dawa zenye kuua majani, zenye nguvu na za bei yenye inavuta. Yenye kujulikana sana ni ya glifozati. Inaua karibu kila kitu cha kijani chenye kugusa, mupaka kwenye mizizi. Juu ya parsele yenye kulala, hilo linaleta shida yenye watu hawafikirie: mizizi ikikufa, hakuna kitu chenye kushika udongo tena. Mutu amelipa ili erozio ianze.

Shida ingine ni ya afya. Mwaka 2015 kituo cha kimataifa cha uchunguzi wa kansere, chenye kuwa chini ya Shirika la Afya Ulimwenguni, kiliweka glifozati kati ya vitu vyenye pengine vinaleta kansere kwa watu. Wakubwa wa inchi mbalimbali hawakubaliane wote na ile hukumu. Lakini namna dawa inatumiwa hapa kwetu haingoje mwisho wa mabishano: inauzishwa katika chupa ndogo bila etiketi, inachanganywa kwa mukono, inamwangwa bila viatu wala kitambaa cha mudomo, na chupa inarudi jikoni kuwekewa mafuta. Kuna dawa ingine, parakwati, yenye hata mufunda moja unaweza kuua mutu, na haina dawa ya kuiponyesha.

Kwa majani ya parsele, hakuna sababu yenye kutosha ya kuingiza hizi dawa katika nyumba. Magugu ya kati ya mawe ya njia yanakufa kwa maji ya moto yenye kuchemka. Magugu ya katika gazoni yanang'olewa kwa mukono siku moja kisha mvua, wakati udongo ni mororo. Na gazoni yenye kukatwa kwa urefu wa vidole vine inafunika udongo vizuri, na mbegu za magugu hazipate mwangaza wa kuota.

Kama dawa imekwisha kuwa ndani ya nyumba: ifungiwe juu, mbali na watoto, katika chupa yake ya kwanza. Isimwangwe karibu na chemchem, kisima ao kanivo. Chupa yenye kuisha itobolewe, isitumiwe tena hata ikisafishwa mara kumi.

Nyoka na mbu

Wazazi wengi wanakwangula parsele kwa sababu ya woga wa nyoka na mbu. Woga ule haiko wa bure, lakini dawa yake ni ingine.

Nyoka anafuata fasi ya kujificha na fasi kuko panya. Majani ya santimetre 6 hayamufiche. Anafichwa na lundo la mawe, matofali yenye kurundikwa, mbao za zamani, na majani yenye kufika kwenye magoti. Ondoa vile, funga takataka za chakula zenye kuita panya, acha gazoni ifupike kwa kiasi.

Mbu wa malaria hatagie mayai katika majani. Anataga katika maji yenye kusimama: kopo, matairi, bido yenye kukatwa, kanivo yenye kuziba, shimo yenye udongo wa wazi umechimbwa na mvua. Ni kweli mbu mukubwa anaweza kupumzika katika majani marefu muchana. Lakini kumaliza maji yenye kusimama, na kulala chini ya musikiteri, kunasaidia kuliko kukwangula majani.

Maji ya paa, kanivo na jirani wa chini

Majani hayawezi kubeba maji ya paa peke yake. Zile bido 120 zikianguka fasi moja, zitachimba hata gazoni nzuri. Weka gutieri na pipa ao sitereni. Jamaa itapata maji ya kufua na ya kusafisha, na parsele itapumua. Maji yenye kupita kiasi yapitishwe juu ya mawe mupaka kwenye kanivo, yasiachiwe ukuta wa jirani.

Kanivo yenyewe haiko pipa ya takataka. Majani na plastiki yenye kutupwa ndani katika komini za juu za Bukavu inashuka na mito kama Kawa mupaka ziwani, na kutoka ziwani mupaka kwenye Ruzizi. Pale baraji ya Ruzizi I, yenye kujengwa mwisho wa miaka ya 1950, inasumbuliwa sana na plastiki yenye kuziba fasi maji yanaingilia kwenye mashini. Mara ingine mutu mwenye kulalamika giza la usiku ndiye alitupa sashe asubui.

Kati ya majirani, ni vizuri kuzungumuza mbele ya mwezi wa 9, haiko siku ukuta umeanguka. Wenye parsele za juu na za chini watembee pamoja na shefu wa avenyu, wafuate njia ya maji kutoka juu mupaka chini, wapatane nani atafungua nini. Salongo ya juma moja yenye kuanzia juu ya avenyu inafaa kuliko kila mutu kufunga maji kwake na kuyarudisha kwa mwingine.

Goma, Uvira, Butembo

Udongo haufanane kila fasi. Katika Goma, kartie nyingi ziko juu ya mawe ya volkano, pamoja na yale yenye kushuka mwaka 2002. Udongo ni kidogo sana na maji ni ya shida. Kununua kamio ya udongo na kuumwangilia kila siku ili kuwa na gazoni ni garama ya bure. Mawe ya volkano yenyewe yanaacha maji yapite. Ni vizuri kuyaacha wazi, kupanda maua na mboga katika mashimo yenye udongo ao katika mifuko, na kuepuka kuweka simenti fasi yote.

Katika Uvira joto ni kali na jua ni refu. Gazoni yenye kuwa manjano mwezi wa 8 haikufe, imelala. Usiimwangilie maji yenye jamaa inahitaji. Mvua ikirudi, chiendent inarudi yenyewe.

Katika Butembo, kwenye milima ya udongo mwekundu karibu na ekwateri, mvua inanyesha miezi mingi zaidi. Pale kazi kubwa ni kufunika mitelemuko yenye kukatwa ili kujenga nyumba: kikuyu ao pasipalumu juu, vetiveri kwenye mupaka wa chini.

Fasi majani hayawezi

Ni lazima kusema ukweli: majani yanashika udongo wa juu, hayashike mulima. Sehemu kubwa ya mizizi ya gazoni inabakia katika udongo wa juu. Kuko fasi mulima muzima unatembea kutoka chini, kama katika Funu, huko Bukavu, fasi watafiti wamepima namna udongo unateremuka polepole. Na kuko mvua yenye nguvu kuliko kila kitu, kama ile ya mwezi wa 5 mwaka 2023 katika Kalehe, yenye kuua watu zaidi ya 400 katika Bushushu na Nyamukubi.

Kwa hiyo angalia alama: mipasuko katika udongo yenye kupanuka, miti yenye kuinama upande moja, milango yenye haifunge tena, chemchem mupya yenye kutokea fasi haikukuwa. Ukiziona, usitegemee majani. Usiache maji ya paa yaingie katika ile mipasuko, yapeleke mbali, ita shefu wa kartie, na mvua ikikawia kunyesha usiku, ondosha watoto mbele.

Mwaka wa parsele kwa ufupi

Mwezi wa 6 mupaka wa 8: acha majani marefu, usichome, tengeneza kompo, safisha kanivo na gutieri. Mwezi wa 9 na wa 10: panda fasi wazi, kuanzia juu. Mwezi wa 11 mupaka wa 4: kata kila juma la pili ao la tatu, ng'oa magugu kisha mvua, lisha wanyama. Mwezi wa 5: kata mara ya mwisho, bila kushuka chini ya vidole vine.

Kuna njia rahisi ya kujua kama kazi inaendelea vizuri. Siku ya mvua, simama kwenye kona ya chini ya parsele na ujaze chupa nyeupe kwa maji yenye kutoka. Iweke juu ya meza kwa saa moja. Udongo wenye kulala chini ya chupa ni ule wenye parsele yako imepoteza, na jirani amepokea. Fanya vile tena kisha mwaka moja wa kutunza majani, na ulinganishe.